Nani Aliwaita Fukusi

Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi nyumbani kupumzika, na sikumbuki siku niliyotangaza kwamba nimemaliza kupumzika. Wenzangu walikwenda Kigoma mjini, wengine Mwanza, wengine walipanda basi la Dar es Salaam wakiwa na begi moja na namba ya simu ya mtu waliyeambiwa ni ndugu. Mimi nilibaki kwenye vilima vya Kasulu, upande wa barabara ya kwenda Muyama, pamoja na mama, kuku na redio. Binamu yangu wa Kibondo, mtoto wa shangazi, alinipa jina la Kisiki.

"Kisiki," alikuwa akiniambia, "siku serikali ikitafuta mtu wa kulinda kivuli, nitakupeleka wewe."

Kwetu binamu ana ruhusa ya kukutania hadi machozi mbele ya mama yako, na mama yako atacheka kwanza ndipo akuonee huruma.

Lakini mtu anayekaa nyumbani huona vitu ambavyo wapita njia hawavioni. Ndiyo maana mwaka 2013, kiangazi kikielekea mwisho, mimi ndiye niliyeona kwanza kwamba migomba ya nyuma ya nyumba inaanguka. Usiku ulikuwa umetulia, upepo wenyewe ulikuwa umelala, na asubuhi mgomba wenye mkungu mnene umelala chini kama mlevi. Haukuvunjika. Uling'oka, kitako juu, mizizi karibu hakuna. Nilipokikata kile kitako kwa panga nikakuta vijia vyeusi vinapishana ndani, na unga kama wa msumeno. Wiki iliyofuata ukaanguka mwingine. Kisha ikawa habari ya kawaida.

Inabidi niseme migomba ile ilikuwa nini. Baba alifariki nikiwa bado shule ya msingi. Nyumba ni ya ukoo, mashamba ya bondeni ni ya ukoo, hata mbuzi wana wazee wao wa kuwasemea. Migomba ilikuwa ya mama. Aliipanda mwenyewe mwaka alioletwa pale akiwa bi harusi. Mtu akitaka ndizi za kukamua urwarwa, pombe yetu ya ndizi ambayo bila hiyo hakuna posa wala matanga, alikuja kwake yeye, akainama, akapiga makofi ya heshima, akaomba. Mama akasema ndiyo au hapana. Sehemu nyingine zote za maisha yake, ndiyo na hapana zilisemwa na watu wengine.

Mtu mmoja aliyefurahia kuona migomba inaanguka, ingawa hakusema, alikuwa baba mdogo. Baba mdogo anapenda vitu vilivyonyooka. Alikuwa amejaza mikaratusi kwenye kila kipande alichokiona kimelala, na kila alipopita nyuma ya nyumba yetu alitembea kwa hatua ndefu ndefu za mtu anayepima.

"Shemeji," alimwambia mama, "hii migomba imechoka. Mvua zikianza kabla haijasimama, mimi naweka mikaratusi hapa. Nguzo zina soko."

"Na wewe ukichoka, shemeji, hapo ulipo tuweke nini?"

Alicheka. Lakini wiki hiyohiyo alileta miche yake ya mikaratusi kwenye viriba, akaipanga pembeni ya migomba, kivulini, tena kivuli cha migomba yenyewe. Mama akawa anaimwagilia. "Haijanikosea kitu," alisema.

Aliyetusaidia alikuwa bibi shamba wa kata. Alikuwa ameletwa na serikali kutoka Tanga, mama wa makamo mwenye hijabu chini ya helmeti ya pikipiki na Kiswahili ambacho mama alikiogopa kuliko daktari. Kiswahili cha mama ni cha sokoni. Amekibeba kwa miaka mingi juu ya Kiha chake, na vitu vidogovidogo vimedondoka njiani. Siku bibi shamba alipokuja kuona migomba, mama alimpokea kwa mikono miwili, akavuta hewa, akatabasamu.

"Bibi shamba, leo unanuka sana!"

Nilitaka niingie kwenye banda la kuku. "Mama! Ananukia."

"Si ndivyo nilivyosema?"

"Umesema ananuka. Kunuka ni vibaya. Kunukia ndiyo vizuri."

"Yaani ulikwenda sekondari miaka yote ile," mama akasema, "ukarudi na herufi moja."

Bibi shamba alicheka mpaka akashikilia usukani wa pikipiki. "Ni udi, mama. Kwetu ningekuja kwa mtu bila kujifukiza, hapo ndipo ungesema nanuka."

Alichukua panga langu, akachimba pembeni ya mgomba uliokuwa unayumba, akatoa mdudu mweusi mdogo mwenye mdomo uliochongoka mbele kama mkonga. Fukusi wa migomba. Alimweka kwenye kiganja na fukusi akakunja miguu, akawa amekufa.

"Hajafa," bibi shamba akasema. "Anajifanya."

"Huyo ni mwanangu," mama akasema, "ukimtuma maji."

Tulifundishwa kumtega. Tulikata kipande cha shina la mgomba uliokwisha kuvunwa, tukakipasua katikati kwa urefu, tukakilaza uso mbichi chini, karibu na migomba inayougua. Siku chache baadaye bibi shamba alipopita tena asubuhi kuangalia, tulikigeuza, na chini yake walikuwepo, wamejibana kwenye maji ya shina kama watu waliokuja msibani mapema.

"Hawa wana mabawa," bibi shamba akaeleza, "ila kuruka ni kwa nadra sana. Wanatembea tu, tena gizani. Wengi huishi na kufa karibu na pale walipozaliwa."

Binamu yangu hakuwepo siku hiyo, namshukuru Mungu. Mimi mwenyewe nilimtazama yule mdudu kwa jicho la undugu. Ana mabawa na haruki. Nami nina cheti cha kidato cha nne.

"Sasa kama hatoki," nikauliza, "na gizani haoni, amejuaje tumeweka shina hapa?"

Alimshika fukusi mmoja kwa ncha za vidole, akatuonyesha nyuzi mbili fupi zilizokunjika kama viwiko kwenye ule mdomo. "Vipapasio. Pua yake iko hapa. Mgomba ukikatwa unatoa harufu, harufu inakwenda na hewa, yeye anaipata kidogo huku, kidogo kule, anageuka, anafuata pale inapozidi. Ndiyo njia yake."

"Harufu gani?" mama akashangaa. "Shina lililokatwa siku hizi zote linanuka tu."

Nilifungua mdomo kumsahihisha kwa mazoea, nikaufunga. Safari hii alikuwa amepatia.

"Kwako linanuka, mama," bibi shamba akasema. "Kwake linanukia."

Mama alinigeukia taratibu, kama mtu aliyeshinda kesi mahakamani. "Umesikia? Ni kitu kimoja."

Maneno hayo yalikaa kichwani mwangu siku nyingi. Kwa mtu wa nyumbani kichwani kuna nafasi. Niliwaza kwamba Kiswahili kinasema tunasikia harufu. Hatusemi tunaiona wala tunaigusa. Tunaisikia, kama vile ni sauti. Nikaanza kuitazama migomba kwa namna nyingine. Kumbe haikuwa kimya. Ukiukata mgomba unasema, na hauwezi kuchagua nani asikie. Mtu akiumia analia ili ndugu zake waje. Mgomba ukiumia, anayekuja kwanza ni yule anayetaka kutaga mayai kwenye kidonda.

Mitego ilipunguza fukusi, lakini migomba iliyokwisha kutobolewa haikupona. Bibi shamba akasema tutafute machipukizi kutoka shamba safi. Shamba safi tulilolijua ni la shangazi, Kibondo, alikolipanda kwenye ardhi mpya isiyowahi kuona mgomba. Ikabidi mimi niende. Sitasimulia safari, itoshe kusema niliaga kama ninakwenda ng'ambo, na mama alinifungia chakula cha kutosha mtu wa kwenda ng'ambo. Binamu alinikuta nashuka na vumbi lote la njia.

"Jamani tokeni nje!" akapiga kelele. "Kisiki kimeng'oka!"

Majirani walitoka kweli.

Shangazi alitupa machipukizi ya kujaza magunia, kila moja akaliangalia kwanza kitako. Mikaratusi ya mdogo wake alikuwa amesikia habari zake. "Mwambie mama yako," akasema, "mimi pale ndipo nilipozaliwa, na ninataka nikija nile ndizi. Nguzo sitafuni." Akamtuma binamu anisindikize, nisije nikashuka njiani nikaona mahali pazuri pa kukaa.

Tulifika nyumbani jioni moja na mawingu tayari yamejaa upande wa Manyovu. Kesho yake mapema bibi shamba akapiga simu kutoa maagizo: menyeni vitako mpaka viwe vyeupe, msibakize doa. Kisha akasema, nayakumbuka maneno yenyewe, "Mkishamenya, pandeni." Hakuna aliyeuliza kati ya kumenya na kupanda pana upana gani.

Tulimenya asubuhi ile chini ya migomba ya zamani, kwa ajili ya kivuli. Vitako vilitoka vyeupe kama mihogo, vina maji, na ile harufu mbichi, kali kidogo, ikatanda uani kote. Nilipochukua jembe mama akanizuia.

"Unakwenda wapi na hilo jembe?"

"Kupanda."

"Hawa wametoka kwa shangazi yako. Wamefika jana, wamechoka, wametikiswa na gari njia nzima. Mgeni siku mbili, ya tatu ndiyo umpe jembe."

Kwa mama hilo halikuwa neno la mzaha. Kitu chochote kilichotoka kwa shangazi, kiwe kuku au mbegu ya maharage, kililala kwanza ndani ya boma kabla ya kazi, ili kisijione kimepokelewa na watu wenye haraka. Nilimtazama binamu. Binamu alitazama ule udongo mkavu ambao ungehitaji mashimo mengi.

"Mama anasema kweli," akasema. "Hata mimi ni mgeni."

Nami ni nani hata nibishane na methali? Nililirudisha jembe mahali pake kwa heshima zote. Tukayalaza machipukizi palepale chini ya migomba, tukayafunika kwa majani makavu ili jua lisiyachome, na kwa siku mbili tulikuwa familia yenye adabu.

Siku ya tatu mama ndiye aliyefunua majani. Nilimsikia akiguna, kisha akaniita kwa sauti ndogo. Kila chipukizi tulilogeuza lilikuwa na fukusi. Walikuwa kwenye mikunjo ya maganda, chini ya vitako, wengine wamejishindilia kwenye makovu ya panga. Vitako vyeupe tulivyovimenya kwa bidii vilikuwa na vitundu vidogo. Kuku wakaja mbio na kuanza kusherehekea.

"Nani aliwaita?" mama akauliza.

"Muulize Kisiki," binamu akasema. "Si ndugu zake?"

Mama hakucheka, na binamu alipoona hivyo akajitia kufukuza kuku.

Bibi shamba alipokuja aliinama akageuza chipukizi moja bila kuvua helmeti. "Nilisema mkishamenya mpande," akasema mwishowe, kwa upole. "Kitako kilichomenywa kinanukia kwao kuliko mgomba mzima. Mmewaandalia karamu, mkaiweka mlangoni kwao, mkaitangaza siku mbili."

Mama alikaa chini, pale pale kwenye maganda. Alikuwa anawaza mbali zaidi ya machipukizi.

"Kila nikikata mkungu," akasema, "ninaacha kisiki wazi. Na shina ninalirundika pale pale chini ya mgomba, liwe mbolea."

"Wengi tunafanya hivyo, mama."

"Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa ninawaita."

Bibi shamba akaokota kisu, akachutama mbele ya mama, akaanza kumenya chipukizi moja upya, akiondoa vitundu na mayai. Baadhi yangeokoka, akasema, tukiyamenya tena na kuyapanda leo, si kesho. Lakini si hapa. Hapa, hata tukipanda kitu kutoka peponi, fukusi wangekifikia kabla hakijatoa jani la pili. Tupande juu kule, kwenye shamba la maharage alilokuwa analima mama, ng'ambo ya njia, mbali na hivi visiki. Na hivi visiki ving'olewe vyote, vikatwe vipande, vikauke juani, vinginevyo siku moja wale watembeaji watafika na kule.

Tulipanda siku hiyohiyo. Binamu alilima kuliko nilivyowahi kumwona, bila utani, na kesho yake akapanda gari kurudi Kibondo kabla mtu hajataja visiki.

Visiki ndiyo ilikuwa habari yenyewe. Kitako cha mgomba wa zamani kimejishika ardhini kama jino la mzee. Unachimba, unakata, unamwita Mungu. Mimi niking'oa kimoja nilihitaji siku ya kukitafakari. Mvua zilikuwa zinakuja. Na mama alijua vizuri: kuving'oa maana yake ni kuacha nafasi wazi nyuma ya nyumba, na nafasi wazi ina mtu wake, miche yake iko tayari pembeni, imestawi kwa maji ya mama mwenyewe.

Jioni moja mama alimwita baba mdogo, akampa kigoda, akampa uji.

"Shemeji, mvua imefika."

"Naiona."

"Weka mikaratusi yako."

Baba mdogo alinitazama mimi, kama kuniuliza kama mama ana homa. "Hapa nyuma? Pote?"

"Pote. Mimi ninahamia juu, kwenye maharage. Ila visiki vyangu usiniachie. Ng'oa mpaka mwisho, kisibaki hata kimoja."

"Shemeji, hiyo si kazi ndogo."

"Nguzo zina soko," mama akasema.

Alikunywa uji wote akitafuta mtego ulipo, hakuupata, au aliupata na tamaa ikamshinda. Alikuja na wanawe na masururu. Walichimba mpaka viganja vikapasuka, na mama aliwapelekea chakula kila mchana, akichungulia kila shimo kama mkaguzi. "Hapo bado kuna kipande, shemeji." Mimi kazi yangu ilikuwa kukatakata vitako na kuvitandaza juani, na nakiri niliifurahia, kwa kuwa inafanywa umekaa.

Siku walipofika kwenye shina la kona, lile alilolipanda kwanza kabisa, mama aliingia jikoni. Nilimfuata kuchukua maji. Alikuwa amekaa anapangusa macho.

"Moshi," akasema.

Mafiga yalikuwa ya baridi. Nilichota maji nikatoka.

Migomba ya juu haikushika yote, ila ilishika ya kutosha. Mama akawa mkali kuliko bibi shamba. Ukikata mkungu, shina unalikatakata na kulitandaza juani siku ileile. Kisiki unakikata chini kabisa, unakifunika udongo, unaukanyaga. "Funika," alikuwa akisema hata kwa wageni waliokuja kusalimia tu, "funika wasisikie." Watu walidhani ni uchawi. Mtego wa shina lililopasuliwa uliwekwa pembeni kabisa ya shamba, na asubuhi niliukagua mimi, tukakuta mmoja mmoja, tukawapa kuku. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kudumu.

Nyuma ya nyumba mikaratusi ilipanda haraka, imenyooka, ikanyonya maji yote, ikatunyima hata boga. Baba mdogo alipita kuitazama na kuisifu, nasi tulimkubalia, maana ilikuwa kweli imenyooka.

Mwaka 2015, wakati magari yaliyojaa watu kutoka Burundi yakipita kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na ndizi zikawa kitu cha kugombewa sokoni, binti wa baba mdogo akaposwa. Wakwe wanakuja, na wakwe hawapokelewi kwa soda. Binamu alikuwa amekuja kwa ajili ya sherehe. Tulikuwa naye na mama kule juu, tunaegemeza migomba kwa miti, tulipomwona baba mdogo anapanda njia na shati lake la kanisani. Alisimama ukingoni mwa shamba. Akainama, akapiga makofi ya heshima.

"Shemeji, nimekuja kuomba ndizi za kukamua."

Mama aliendelea kufunga kamba. "Umekosea njia, shemeji. Shamba lako liko kule nyuma. Kamua mikaratusi."

Binamu alikaa chini kwa kicheko. Baba mdogo alivumilia, akiangalia viatu vyake.

"Shemeji, mtoto ni wako pia."

Mama alimaliza fundo. Alitembea kati ya migomba bila haraka, akigusa mikungu, akiminya ndizi. Kisha akanyoosha kidole: huu, na huu, na ule wa kule. Akampa panga.

Baba mdogo alikata wa kwanza, akaupokea begani, akashukuru, akaanza kushuka.

"Na kisiki?" mama akauliza.

Aliutua mkungu. Alilikata shina chini, akalikata vipande, akavitandaza juani kama alivyoambiwa, kisha akapiga magoti na shati lake la kanisani, akakusanya udongo kwa viganja, akaufunika uso ule mweupe uliokuwa unatoa maji. Akainuka, akaukanyaga.

"Bado," mama akasema.

Akaukanyaga tena.